Soka, skauti, Tuzo ya Rais au klabu ya stadi za maisha: ipi itamjenga kijana wa familia isiyo na uwezo?

Mwalimu wa nasaha ana nafasi moja tu kwenye ratiba, Jumatano alasiri. Mama mmoja ana binti wa Kidato cha Pili asiyeinua macho akizungumza na watu. Kikundi cha vijana wa mtaa kimepata fedha kidogo na kinataka zifanye kazi kabla hazijaishia kwenye nauli na soda. Wote watatu huuliza jambo lile lile: tumpeleke wapi kijana huyu ili ajiamini na aweze kusimama mbele ya wenzake?

Majibu wanayopewa ni mengi, na kila mwenye mpango husifia wake. Hapa nalinganisha njia ninazozifahamu, nyingi zikiwa za Kenya na Tanzania, na natumia kipimo kimoja kwa zote: siku kijana asipofika, ni nini kitakwama? Ikiwa hakuna kitakachokwama, mahali hapo ni pa kusikiliza tu. Ikiwa mechi haitachezwa kwa sababu mwamuzi hayupo, au kikosi hakitapata chakula cha jioni kwa sababu mpishi wa zamu amekosekana, basi kijana huyo ana kitu mkononi. Aliyeambiwa mara mia kwamba anaweza huamini kwa siku mbili tatu. Aliyefanya, na watu wakamwona akifanya, hahitaji tena kuambiwa.

Jambo moja kabla ya kulinganisha. Vijana wa familia maskini hawajakosa majukumu. Binti wa miaka 15 anayeamka alfajiri kuchota maji, kuwavalisha wadogo zake, kisha kupitia dukani kukopa unga kabla ya kwenda shule, tayari anaendesha nyumba. Mvulana anayeuza mayai ya kuchemsha jioni anajua kuhesabu faida kuliko wengi wanaofundishwa biashara darasani. Wanachokosa ni mahali ambapo kazi yao inaonekana, inapewa jina, na inawapa kauli katika kuamua mambo. Mpango unaowachukulia kama vyombo vitupu vya kujazwa utawaongezea unyonge, hata kama nia yake ni njema. Kwa hiyo swali langu la pili kwa kila njia ni hili: kijana anaamua nini?

Mpira wa miguu, ukiendeshwa na vijana wenyewe

Nauanza huu kwa sababu una ushahidi wa miaka mingi, na pia kwa sababu ndio unaoharibiwa kirahisi kuliko yote.

Mwaka 1987 kulianzishwa Nairobi, katika mitaa ya mabanda ya Mathare, chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kama MYSA. Mwanzilishi wake, Bob Munro kutoka Kanada, aliweka makubaliano mepesi na watoto: mkifanya jambo kwa ajili ya mtaa wenu, chama nacho kitafanya jambo kwa ajili yenu. Takataka zilikuwa zimeziba mitaro na viwanja, basi usafi ukaingizwa ndani ya ligi yenyewe. Timu iliyoshinda mechi ilipata pointi tatu, na timu iliyokamilisha zamu yake ya kusafisha mtaa ilipata sita. Timu inaweza kuwa na mfungaji hodari kuliko wote na bado ikakosa ubingwa kwa sababu hawakushika majembe na matoroli. Mtoto wa miaka 13 anaelewa hesabu hiyo bila mhadhara wowote. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, uliitambua kazi hiyo kwa tuzo yake ya Global 500.

Kilichonivutia zaidi hapo ni ligi kuendeshwa na vijana. Kanda zina viongozi wao wanaochaguliwa, na wanaopanga ratiba, wanaochezesha na wanaosuluhisha ugomvi ni vijana wa mitaa hiyo hiyo. Kazi za kujitolea huhesabiwa kwa pointi, na waliofanya zaidi hushindania msaada wa karo unaopelekwa moja kwa moja shuleni. Kwa hiyo mtoto asiyejua kupiga chenga hata moja bado ana njia ya kupanda. Klabu ya Mathare United, iliyozaliwa humo mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Habari hiyo ni tamu, lakini mzazi asiitazame sana, kwa kuwa wachache mno watafika huko. Atazame wale waamuzi wa miaka 16 wanaotoa kadi nyekundu kwa vijana waliowazidi kimo, na wanaheshimiwa.

Pwani ya Kenya tuna mfano ulio karibu zaidi na wasichana. Kilifi, tangu 2001, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwaandaa mabinti kucheza mpira na kuendesha mpira: makocha, waamuzi, watoa huduma ya kwanza, washauri wa rika lao, wanakamati. Anayejua hali ya Kilifi anaelewa uzito wake. Huko binti hutazamiwa kuwa nyumbani alasiri, kiwanja ni cha wavulana, na wapo wazee wanaoona msichana aliyevaa kaptula amekwisha kupotea. Anaposimama katikati ya kiwanja na filimbi mdomoni, mtaa mzima ukitazama, kinachobadilika si yeye peke yake. Baba yake naye anabadilika, na hilo ni jambo ambalo darasa la stadi za maisha haliwezi kulifanya likiwa limefunga mlango.

Kwa wazazi wa Kiislamu wanaosita: tangu 2014 sheria za soka duniani zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa uwanjani. Suruali ndefu chini ya kaptula haimzuii mtu kukimbia. Mavazi yanazungumzika. Cha kuwa mkali nacho ni saa ya kurudi nyumbani, na nani anawasindikiza.

Sasa kasoro. Timu nyingi za mtaani hazina hata moja kati ya mambo niliyoyataja. Kuna kocha mmoja mwenye sauti kubwa, anapanga kikosi, anapanga mechi, anashika fedha, anatukana. Watoto wanacheza, wanafurahi, wanakua wepesi wa miguu, na hakuna anayejifunza kuamua lolote. Mpira wenyewe haufundishi uongozi. Unaofundisha ni utaratibu unaouzunguka. Ukienda kuitazama timu, usimwulize kocha. Waulize watoto: nani anaandika ratiba? Anayechelewa anaadhibiwa na nani, na adhabu hiyo aliipanga nani? Wakikutazama bila jibu, umekwisha jua.

Gharama ni ndogo kuliko njia zote za kila wiki: kiwanja, mipira, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza. Kitu ghali ni mtu mzima mwenye subira ya kuwaacha vijana waongoze vibaya kwa miezi kadhaa mpaka wajue.

Skauti na Girl Guides

Skauti waliingia Kenya mwaka 1910, na Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa harakati hiyo, alifariki Nyeri mwaka 1941 na kuzikwa huko. Girl Guides, chama cha wasichana cha aina hiyo hiyo, walianza Kenya mwaka 1920 na Tanganyika mwaka 1928. Ukongwe huo una faida ya wazi: kuna ngazi zilizopangwa, kuna kambi, kuna walimu waliokwisha kupitia mafunzo, na hakuna mfadhili wa miaka mitatu anayeweza kuondoka na kila kitu. Kenya ngazi zina majina ambayo watoto huyapenda, Sungura kwa wadogo, Chipukizi kwa wanaoingia ujana, Mwamba kwa wakubwa wao, na Jasiri kwa waliopita miaka 18.

Moyo wa uskauti ni kikosi kidogo cha watoto sita hadi wanane kinachoongozwa na mmoja wao. Katika kambi, kikosi hicho kinapika, kinafunga hema, kinalinda moto. Kwa kipimo changu, hapo skauti wanafaulu vizuri sana, kwani kiongozi wa kikosi mwenye miaka 14 akisahau chumvi, watu wanane wanakula bila chumvi na kesho yake anakumbuka.

Tatizo ni kwamba vikosi vingi vya shule hubaki kwenye gwaride. Sikukuu za kitaifa zinakuja, watoto wanapigishwa saluti wiki tatu juani, wanasimama uwanjani mgeni rasmi akipita, wanarudi nyumbani. Nidhamu ya kusimama wima inapendeza, lakini kijana aliyefundishwa kutii amri tu hajafundishwa kuongoza. Ukitaka kujua kikosi kikoje, uliza mara ya mwisho walilala nje ya shule lini.

Kisha kuna sare. Shati, skafu, mkanda, beji. Kwa familia inayochagua kati ya daftari na mafuta ya taa, hilo ni jambo zito. Nimeona watoto wakiacha kuja kwa aibu ya kukosa sare, na hiyo ni kinyume kabisa cha tulichokitafuta. Walimu wenye busara huanza na skafu pekee, ambayo fundi wa mtaani hushona nyingi kwa kitambaa kimoja, na sare kamili hubaki mali ya kikosi, inavaliwa kwa zamu.

Girl Guides nawapendekeza kwa binti aliye kimya mno mbele ya wavulana. Miaka miwili ya kuongoza wasichana wenzake inampa sauti ambayo baadaye ataibeba popote.

Tuzo ya Rais

Kenya imekuwa nayo tangu 1966, ikiwa tawi la mpango ulioanza Uingereza miaka kumi kabla yake na ambao sasa uko katika zaidi ya nchi 100. Ni kwa vijana wa miaka 14 hadi 24, na ina ngazi tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Kila ngazi inamtaka kijana afanye huduma kwa jamii, ajifunze ujuzi fulani, afanye mazoezi ya mwili, na aende safari ya miguu akiwa na wenzake. Kwenye Dhahabu anaongeza siku kadhaa za kuishi na watu asiowajua huku akifanya kazi fulani nao. Shaba inachukua angalau miezi sita, na safari yake ni siku mbili na usiku mmoja. Safari ya Dhahabu ni siku nne, na kulala nje mara tatu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kijana hashindanishwi na mtu. Mwenye ulemavu wa mguu, mwenye miaka 17 aliyechelewa darasa, mwenye kigugumizi, kila mmoja anaweka lengo lake na kulifikia. Na ujuzi haulazimiki kuwa piano. Kusuka ukili, kutengeneza baiskeli, kufuga kuku, kushona, yote yanaweza kuhesabiwa ikiwa kuna mtu wa kumsimamia na kuona anavyoendelea. Kijana anayejua kwamba kazi ya fundi baiskeli imeandikwa kwenye kitabu rasmi kama ujuzi, kando ya ujuzi wa watoto wa shule za gharama, anabadilika namna anavyojitambulisha. Cheti chake pia kinaeleweka na waajiri na vyuo, jambo ambalo medali ya ligi ya mtaa haiwezi.

Udhaifu wake uko hapo hapo kwenye uhuru wake. Inamtaka kijana aweke kumbukumbu, afuatilie msimamizi, akumbuke tarehe, miezi kwa miezi. Mwenye utulivu nyumbani ataweza. Anayehamahama kwa shangazi na bibi atapoteza kitabu mara mbili na kukata tamaa. Safari nayo inahitaji viatu, begi na nauli. Na shule isiyo na mwalimu aliyesajiliwa haiwezi kuiendesha, kwa hiyo shule nyingi za vijijini ziko nje ya mlango. Ningeichagua kwa kijana ambaye tayari ana chembe ya kujiamini na anahitaji ngazi ya kupanda. Kwa yule aliyezama kabisa, nisingeanzia hapa.

Klabu za stadi za maisha, na mabinti wanaorudi shuleni

Hapa pana mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja, na tofauti yake ni kubwa.

La kwanza ni klabu ya kawaida. Mwezeshaji anakuja na chati, anaandika "kujitambua", "kufanya maamuzi", "kusema hapana", wanafunzi wananakili. Ni mafundisho mazuri. Lakini asipofika mwanafunzi mmoja, au wanane, hakuna kitakachokwama.

La pili ni utaratibu wa CAMFED, shirika lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005. Binti aliyesomeshwa sekondari kwa msaada wake hurudi katika shule ya eneo lake baada ya kumaliza, kwa kujitolea, awe mwelekezi wa walio nyuma yake. Anafundisha vipindi vya kujiamini na kusoma vizuri kwa wasichana na wavulana. Zaidi ya hapo, mwanafunzi akikosekana, mwelekezi anakwenda nyumbani kwao kuuliza kuna nini. Naye hupewa fursa ya mkopo usio na riba kuanzisha biashara na njia ya kupata sifa ya kitaaluma inayomfungulia masomo zaidi.

Tazama nani anajengwa hapo. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anamwona mtu wa kijiji chake, aliyekaa kwenye dawati lile lile, aliyekuwa na njaa ile ile, sasa anasimama mbele ya darasa na mkuu wa shule anamsikiliza. Na binti wa miaka 19, ambaye kwa kawaida angekuwa nyumbani akingoja posa au kazi za ndani mjini, ana watu wanaomtegemea kila wiki. Kwangu huyu wa pili ndiye anayepata uongozi hasa. Kwa hiyo ikiwa kijana unayemfikiria anakaribia kumaliza shule, usimtafutie mahali pa kufundishwa. Mtafutie mahali pa kufundisha.

Kwa walio nje ya shule kuna mfano wa klabu za wasichana za BRAC, shirika la maendeleo lililoanzia Bangladesh, nchini Uganda, zilizoanza mwaka 2008: chumba karibu na makazi, kinachofunguliwa alasiri, mlezi ambaye ni msichana aliyewazidi kidogo umri, michezo na ngoma kwanza, kisha afya, haki, ufundi wa mikono na biashara ndogo. Watafiti waliozifuatilia kwa miaka minne walikuta mimba za utotoni zimepungua kwa karibu theluthi katika jamii zenye klabu hizo, na mabinti wengi zaidi wana chanzo cha kipato. Mpango huo huo ulipopelekwa Tanzania, utafiti haukuona matokeo ya kiwango hicho, na tofauti iliyoonekana ilikuwa katika rasilimali na utekelezaji.

Narudia jambo hili kila ninapokaa na kikundi kinachotaka kuiga mpango uliosifiwa kwingine. Jina la mpango halikuambii kitu. Uliza ufunguo wa chumba uko kwa nani, kinafunguliwa saa ngapi, mlezi analipwa nini na analipwa kwa wakati, na mvua ikinyesha wasichana wanakaa wapi. Klabu zinazokufa hufa kwa mambo hayo.

Na chakula. Kijana aliyekula mara ya mwisho jana usiku hawezi kuketi saa kumi alasiri akazungumzia ndoto zake. Bajeti ya uji iandikwe kabla ya bajeti ya fulana.

Mdahalo, maigizo, kwaya na kasida

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa karibu kila shule inazo tayari. Jukwaa linaponya hofu ya watu haraka kuliko kitu kingine, na kijana mwenye aibu mara nyingi huanza kuzungumza akiwa ndani ya mhusika kabla ya kuzungumza kama yeye mwenyewe. Ila mdahalo una mtego wa lugha. Ukiendeshwa kwa Kiingereza pekee, huwapa nguvu waliokwisha kuwa nayo nyumbani, na mtoto wa mvuvi mwenye hoja kali hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Fanyeni kwa Kiswahili kwa muhula mzima wa kwanza, mtashangaa ni nani watajitokeza.

Msisahau madrasa na kanisa. Binti anayeongoza kasida kwenye maulidi, au anayepanga sauti za kwaya, tayari anaongoza kundi na kusimama mbele ya mamia. Walimu wa shule huwa hawajui. Mkiwauliza watoto wanafanya nini Ijumaa na Jumapili, mnaweza kugundua viongozi ambao hamkuwaona darasani.

Semina na mzungumzaji wa kutia moyo

Ukumbi, fulana, soda, mtu aliyefanikiwa anasimulia maisha yake, picha ya pamoja. Vijana wanatoka wakiwa na moto, na moto ule ni wa kweli kwa siku ile. Kwa gharama ya ukumbi na usafiri wa siku hiyo moja, kikundi cha mtaa kinaweza kuendesha ligi ya vijana kwa msimu. Ikiwa fedha ni chache, sizitumii hapa. Ikiwa mzungumzaji anatoka mtaa huo huo na yuko tayari kurudi kila mwezi, hiyo si semina tena, ni ulezi, na nitamkaribisha kwa mikono miwili.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa gharama kwa familia, mpira na klabu ziko chini kabisa. Skauti wanapanda kwa sababu ya sare na kambi, Tuzo ya Rais inapanda kwa sababu ya safari. Kwa gharama kwa mwenye kuendesha, klabu ya kweli yenye mlezi anayelipwa ndiyo ghali kuliko zote, na inastahili.

Kwa muda, mpira unaanza kuonyesha matunda ndani ya msimu mmoja. Tuzo ya Rais haiharakishwi. Uskauti unahitaji angalau mwaka, wenye kambi mbili, kabla hujahukumu.

Kwa wasichana, zilizo salama zaidi kuanza nazo ni Girl Guides na klabu zilizo na mlezi wa kike, lakini inayobadilisha mtazamo wa mtaa ni mpira wa mabinti. Ukiwa na wazazi wagumu, anzia ndani ya chumba, tokeni uwanjani baadaye wazazi wakishamjua mlezi.

Kwa aliyeacha shule, chaguo zinapungua ghafla, kwa sababu skauti wengi na Tuzo ya Rais huendeshwa kupitia shule. Hapo ligi ya mtaa na klabu ya alasiri ndizo zilizobaki, na kwa mvulana wa miaka 17 anayefanya kazi za mkono mchana, ligi ndiyo pekee atakayokuja bila kubembelezwa.

Kwa kupewa uamuzi, ambako mimi ndiko ninakotazama zaidi: ligi inayoendeshwa na vijana na utaratibu wa mabinti waelekezi zinaongoza, kikosi cha skauti kinachokwenda kambini kinafuata, Tuzo ya Rais inampa kijana uamuzi juu yake mwenyewe lakini si sana juu ya wengine, na klabu ya chati na kalamu iko mwisho pamoja na semina. Nafasi za viranja na mabaraza ya wanafunzi ziko katikati, kutegemea shule: kiranja aliyechaguliwa na wenzake na kusikilizwa na walimu anajifunza mengi, ila yule aliyeteuliwa aandike majina ya wapiga kelele anajifunza kuchukiwa.

Kabla hujamkabidhi mtoto

Nenda siku isiyo ya wageni. Tazama kama watu wazima wawili wapo muda wote, au kuna mmoja anayebaki peke yake na watoto. Uliza wasichana na wavulana wanalala wapi safarini na nani anawasimamia. Uliza mtoto akiwa na malalamiko juu ya kocha au mlezi anamwambia nani, na usikilize kama kuna jina la mtu au maneno ya jumla tu. Mtu yeyote anayekasirishwa na maswali haya, mtoto wako asiende kwake. Kenya na Tanzania zote zina namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, na haitozwi. Kijana aijue kwa kichwa kabla hajapanda basi la kambi.

Mwulize pia mwenyeji: mtoto akikosa mara mbili, mnafanya nini? Wanaokwenda nyumbani kuulizia ndio wanaofaa watoto wetu, ambao mara nyingi hukosa kwa sababu ya mgonjwa nyumbani, karo, au zamu ya kulea, wala si kwa uvivu.

Yule binti wa Kidato cha Pili asiyeinua macho, mimi ningemwanzia klabu yenye mlezi wa kike au Girl Guides kwa muhula mmoja au miwili, apewe kazi ndogo yenye watu nyuma yake: kutunza daftari la mahudhurio, kupika uji, kufungua mlango. Muhula wa tatu ningemtafutia filimbi. Mwalimu mwenye Jumatano moja aitumie kuanzisha ligi ya madarasa na awaachie wanafunzi waandike kanuni zake, pamoja na pointi za usafi. Na kikundi chenye fedha kidogo kimlipe mlezi mmoja mzuri kwa mwaka mzima, kwa tarehe ile ile kila mwezi, na fulana zisubiri.